Miche ya Mninga Tuliyoing'oa

Mwalimu niliyefundisha naye sayansi katika shule moja ya msingi pale Kanyenye alinizidi umri kwa miaka mingi, kwa hiyo nilimwita dada. Alitoka kijijini, kwa wakulima na wafuga nyuki, waumini wa Kanisa la Moraviani. Mimi ni mtoto wa mjini, baba yangu alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na milango ya mninga maisha yake yote, na mpaka namaliza chuo cha ualimu sikuwahi kuuona mninga ulio hai.

Siku nilipomwambia hivyo, dada hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Jumamosi iliyofuata alitupeleka kwenye msitu uliobaki nje ya mji, mimi, darasa la tano na wazazi wachache. Tuliokota matunda ya mninga: bapa, ya mviringo, yenye miiba katikati. Mtoto mmoja alisema yanafanana na nungunungu aliyekaliwa na tembo.

"Mjini tumejaza miti ya wageni," dada aliwaambia. "Hata miembe ya barabara ya zamani ililetwa na misafara ya biashara. Siichukii, embe zake ninakula. Ila mwenye nyumba yuko wapi?"

Kuzitoa mbegu kulitupasua vidole. Mama mmoja mshonaji, mzazi wa mwanafunzi, alikuja na mkasi wake wa kukatia vitambaa akauharibu hapo hapo. Mbegu nyingi hazikuota. Zilizoota tulizilea kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, watoto wakileta maji kwa madumu kutoka nyumbani, na mvua zilipokolea tukapanda miche arobaini na moja nyuma ya madarasa.

Kiangazi kilipofika, dada alianza kuumwa tumbo. Alipolazwa hospitali ya Kitete, aliniita kando ya kitanda.

"Itakauka," alisema. "Itabaki vijiti. Usiing'oe, mdogo wangu. Mninga mchanga hufa juu kila kiangazi, huku chini mzizi unanenepa."

Nikamwahidi.

Mwezi uliofuata tulipata mwalimu mkuu mpya, na wageni wa wilaya walitarajiwa. Alizunguka shule, akasimama mbele ya vile vijiti.

"Hivi ni nini, mwalimu? Vimekufa?"

Nilikumbuka maneno ya dada. Lakini nilivitazama vikiwa vikavu, vya kijivu, nikaona aibu kuvitetea.

"Nadhani vimekufa," nikasema.

Akaagiza tuvitoe, tupande miashoki, ile miti ya mapambo. Niliwatoa watoto na majembe. Tulikuwa tumefika nusu, msichana mmoja akaniita. "Mwalimu, huu hautoki." Nikainama. Mzizi ulikuwa mnene kama karoti, wenye unyevu, na pale jembe lilipoukata ulitoa utomvu mwekundu. Niligeuka nikamwona mwalimu mkuu amesimama kwenye mlango wa ofisi, anatutazama.

"Endeleeni," nikawaambia watoto.

Jioni ile nilikwenda Kitete.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Miche yangu?"

"Imekauka, kama ulivyosema."

"Hujaing'oa?"

"Sijaing'oa."

Akafumba macho, akanishika mkono. Kuanzia hapo aliniuliza kila nilipokwenda, nami nilimjibu vile vile. Mvua ya kwanza ilipopiga bati, alitabasamu. "Sasa itachipua." Nikamwambia imeanza. Akauliza mingapi, nikasema kumi na tisa. Alilia kwa furaha, akaniomba nimletee jani moja tu.

Nilipanda baiskeli hadi kule msituni, nikachuma jani kwenye tawi la chini la mninga, nikampelekea. Alilinusa. Akapitisha kidole taratibu kwenye vijani vidogo vya kikonyo chake, kimoja baada ya kingine, kwa muda mrefu.

"Hili ni la mti mkubwa," alisema. "La mche halina vijani vingi hivi."

Alilifunika kwa kiganja, akageukia ukutani. Hakuniuliza tena habari za miche, siku ile wala siku mbili alizobakiza kuishi.

Wageni walikuja wakakaa saa moja. Nyuma ya madarasa hawakufika.

Watoto wa darasa lile niliwaambia ukweli. Yule msichana aliyeniita alifuta machozi kwa ukosi wa shati. Mwaka uliofuata tulirudi msituni, pamoja na mama mshonaji aliyekuja na mkasi mwingine. Safari hii ilishika miche tisa, na nimeizungushia matofali.

Bado nilikuwa sijamwambia mume wa dada. Nilimfuata kijijini, nikamkuta anapukuchua karanga uani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: miche, jembe, jani. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Alijua," akasema. "Alinikataza nisikuulize. Alisema utakuja mwenyewe."

"Alisema nini tena?"

"Hakusema kingine. Alilia."

Akanisogezea kigoda na ungo. Nikaketi, tukapukuchua karanga mpaka jua likaelekea kuzama.