Jipu la Bi. Zamzam

Aristides alirudi kutoka Bulgaria na udaktari, koti zito lisilo na kazi Dar es Salaam, na vyeti vyenye herufi zilizokaa kama zimeanguka ngazi. Akafikia Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, kwa shangazi yake muuza vitenge, akingoja asajiliwe. Bila usajili hana ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Taifa lililomsomesha lilikuwa linalia halina madaktari. Yeye alishinda kwenye foleni ya sukari katikati ya watu wanaokohoa, na hakuruhusiwa hata kuwaambia wanaumwa nini.

Vyeti vikatafsiriwa. Picha zikapigwa, zikakataliwa kwa kuwa ametabasamu. Mwisho Ndugu Melkiori, karani wa usajili, akamwambia kimebaki kitu kimoja tu: balozi wake wa nyumba kumi aje mwenyewe athibitishe kwamba huyu ni mtu mwema na ni daktari kweli.

Balozi alikuwa Bi. Zamzam, mpika vitumbua, mwanachama wa Chama mpaka kwenye kucha. Kwenye wema hakuwa na neno: kijana anaamkia wakubwa, halewi, mikutano ya tawi anahudhuria japo anasinzia. Shida ni huo udaktari.

"Mwanangu, mimi siapii nisichokiona. Kuna mmoja hapa alituambia rubani, kumbe anafagia uwanja wa ndege."

Akanyanyua mkono. Kwapani palikuwa na jipu limeiva kama tungule. Aristides akamweleza sheria kwa kirefu. Bi. Zamzam akamsikiliza kwa adabu zote, mkono bado uko juu. Asipolipasua, hana shahidi. Asipokuwa na shahidi, hana usajili. Basi akachemsha wembe kwenye sufuria ya shangazi, akapasua. Jirani wa kwanza aligonga mlango na kidonda chake kabla maji hayajapoa.

Siku ya kwenda ofisini Bi. Zamzam alivaa khanga ya Chama, mpya. Ndugu Melkiori akamuuliza kama anamfahamu Ndugu Aristides kuwa ni daktari.

"Simfahamu vipi? Kanipasua jipu juzi, sebuleni kwao. Ana mkono mwepesi, sikusikia kitu."

Karani akaweka kalamu chini. "Juzi? Kabla ya kusajiliwa?"

"Kabla, baba. Huyu hasubiri kusukumwa."

Faili la usajili la Aristides lilikuwa linatafutwa tangu masika. La mashtaka lilifunguliwa hapo hapo, likapata jalada, namba na mhuri, na mtu wa kulikimbiza kwa mkubwa. Aristides akamvuta balozi wake upindo wa khanga, akamsihi chinichini anyamaze.

Bi. Zamzam akadhani kijana anaona haya kusifiwa. "Ninyamazeje, na mwenyewe unaona hawajaridhika?" Akageukia mlangoni, walikokuwa wamekaa majirani aliokuja nao. "Severa, ingia wewe kwanza, uwaonyeshe mguu."