Neno Alilodhani ni Jina la Mtu

Saa tano asubuhi, katika ukumbi wa mikutano katikati ya jiji la Saint Paul, Marekani, muziki wa vijana wa Kikorea unatikisa hadi viti. Wasichana wamejipanga foleni ndefu wakingoja kuvishwa hanbok, vazi la jadi la Wakorea, ili wapigwe picha. Dativa Kamugisha, mwenye umri wa miaka 47, yumo kwenye foleni hiyo, daftari mkononi. Zamu yake inapofika, hagusi nguo hata moja.

"Samahani, dada," anamwambia mwanamke anayewavisha watu. "Bibi mzee akitaka kusema anaumwa, anasemaje?"

Mwanamke anatamka polepole. Dativa anaandika kama anavyosikia, anarudia mpaka anaambiwa amepatia.

Dativa ni mzaliwa wa Bukoba. Alikuja Minnesota kusoma, na sasa ni mhudumu katika makao ya wazee huko Savage. Kwa zamu moja, yeye na mwenzake huwaogesha, huwavisha na kuwalisha wazee kumi na wanne.

Mmoja wao alikuwa mjane wa miaka 86, ambaye hapa tunamwita Bi Yun. Ugonjwa wa kusahau ulimfutia Kiingereza chote, ukamwachia Kikorea. Mwanawe anaishi jimbo la mbali, na lugha ya mama yake haijui. Alilelewa kwa Kiingereza kitupu ili asipate taabu shuleni.

Tangu Aprili mwaka jana, Bi Yun alibaki na neno moja: "Chuwo." Alilisema akioga, akila, akiwa kitandani.

"Sote tulijua anamwita mtu," anasema Dativa. "Labda marehemu mumewe, labda dada yake. Nilikuwa namshika mkono, namwambia, 'Chuwo atakuja, Bibi. Yuko njiani.'"

Hakuna aliyefikiria kumpigia simu mkalimani kwa ajili ya jina la mtu. Nyumbani kwake Eagan, Dativa hakulitaja kabisa, maana habari za wazee haziruhusiwi kutoka nje ya kazi.

Agosti ya mwaka huohuo ilipofika, binti yake Ernestina, ambaye sasa ana miaka 16, alimbembeleza ampeleke kwenye tamasha hili la Wakorea, linalofanyika kila mwaka. Ni mtoto anayesemeshwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, lakini Kikorea amejifundisha mwenyewe kwa tamthilia na nyimbo. Walipoingia ukumbini, Ernestina akiwa na sketi fupi ya kuchezea, ubaridi wa kiyoyozi ulimpiga. Akajikunyata.

"Chuwo!"

Dativa akageuka. "Umemwita nani?"

"Simwiti mtu, Mama," binti alijibu kwa Kiingereza chake, akicheka. "Nimesema nasikia baridi."

Dativa alikaa chini palepale mlangoni, watu wakimpita.

Kitanda cha Bi Yun kilikuwa chini ya tundu la kiyoyozi. Nje kulikuwa na joto kali, hakuna aliyedhani kwamba anasikia baridi. Kila alipojifunika, wahudumu walimfunua wakihofia atatokwa jasho.

Ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko, Dativa alimwacha binti yake kwa mama wa rafiki yake, akaendesha gari hadi Savage. Alimwinamia mzee, akauliza, "Chuwo?"

"Alinikamata mkono hakuniachia," anasema. "Machozi yalimtoka bila sauti. Nikamgusa miguu. Ilikuwa ya baridi, na kila siku niliivisha viatu bila kuuliza."

Kitanda kilihamishwa, akapata soksi za sufu na mablanketi mawili. Neno lile halikusikika tena. Siku kumi na sita baadaye Bi Yun alifariki kwa nimonia. Daktari alisema ni umri. Dativa hajaamini mpaka leo.

"Miezi minne mtu ananieleza shida yake, mimi namwahidi mgeni."

Sasa anataka kila chumba kiwe na ukurasa wa maneno kumi ya lugha ya mwenye chumba: maji, choo, maumivu, njaa. Meneja alisema atalifikiria. Tangu Januari bado analifikiria. Dativa hakungoja, daftari lake lina Kikorea, Kisomali na Kihmong, lugha ya wahamiaji wengi wa Minnesota waliotoka Laos.

Ukurasa wa mwisho ni wa Kihaya, lugha ya utotoni mwake Bukoba, na ameuandika kwa ajili ya Ernestina, ambaye mpaka sasa anajua maneno matatu.

"Akifikisha kumi, nitampa mengine kumi," anasema Dativa, akisogea kwenye meza inayofuata. "Sina haraka ya kuzeeka. Lakini sitaki anisikilize siku hiyo kama nilivyomsikiliza yule mama."