Kapteni na Watoto Wasiotulia

Obonyo, mpiga picha wa Kisenyi, hakuwapenda watu wakubwa. Wakubwa, alisema, huja studio na sura za kuazima: mwenye duka anakunja uso kama hakimu, karani anashika kitabu asichokisoma. Mtoto angalau haigizi. Tabu yake ni moja tu, hatulii.

Zamani hilo halikuwa jambo. Alipotoka Kisumu kuja kutafuta riziki Kampala, balbu za flashi ziliuzwa kama njugu, na flashi humkamata mtoto hata akiwa hewani. Kisha Wahindi wakafukuzwa, na duka la vifaa vya picha likapewa bwana mmoja ambaye siku ya kwanza tu alizifungua filamu zote juani ili aone zina nini ndani. Watu walimwita mafuta mingi, jina la matajiri wa siku hizo. Obonyo alimwita mjinga, ila kwa sauti ya chini. Balbu za flashi hazikuagizwa tena.

Jioni moja Kapteni Abubaker akatuma Land Rover imchukue. Majirani walipoiona walifunga milango, maana waliopanda gari hilo wengi hawakurudi. Obonyo alipanda na kamera mapajani, ile iliyowalisha mke na wanawe kule kwao. Kumbe alikuwa akiitiwa picha ya familia.

"Wewe Mukenya," Kapteni alisema, "piga mimi na watoto yangu hapa kwa kiti mupya. Sura yote ionekane. Kama iko mubaya, kamera nachukua, na wewe utaeleza wakubwa kwa nini unatembea na kamera."

Sebule ilikuwa na taa moja dhaifu, na mapazia mazito yamefungwa. Kapteni hakutaka yaguswe. Mtu aliyetisha mji mzima alikuwa anaogopa dirisha lake mwenyewe, na Obonyo nusura acheke. Bila flashi, ilimbidi aisimamishe kamera juu ya miguu mitatu na kuliacha jicho lake wazi kwa muda wa mtu kumeza mate. Kochi lingetokea vizuri. Kapteni, aliyeketi kifua mbele kama jogoo, angetokea vizuri. Watoto wangetokea moshi mtupu.

Walikuwa watatu. Alal, mkubwa wao, alimkimbiza Obwona kando ya kochi, na kitindamimba akawafuata akicheka, nepi inamdondoka. Mama yao, Rosalba, aliwabembeleza kwa biskuti. Wakala biskuti, wakaendelea kukimbia. Obonyo akabofya mara moja ili aonekane anafanya kazi.

"Afande," akasema, "ngoja kesho, tupige nje kwenye mwanga."

"Hapana kesho."

Kapteni akatoa ile sauti ya kazini, ya kwenye vizuizi vya barabarani. "Simama hapo! Hapana tingisika."

Watoto waliganda. Mara nyingi walikuwa wamekaa kiti cha nyuma cha gari la baba yao, wakaona watu hufanya nini wakiisikia sauti hiyo. Alal akainua mikono juu. Obwona akainua yake. Yule mdogo akawatazama wenzake, akainua naye, akafumba macho.

"Piga," Kapteni alisema. Obonyo alijichukia, akabofya.

Alizisafisha picha usiku uleule, na kesho yake akaipeleka ile ya pili. Hata mnyama, aliwaza, huijua hofu ya wanawe. Kapteni aliitazama kwa muda.

"Hii muzuri," akasema. "Watoto iko na nidhamu. Ona, hata hii kidogo."

Akaitundika ukutani juu ya redio, na maofisa wawili waliokuwa wakinywa bia yake wakasema safi sana, afande. Kamera ilikuwa imepona. Obonyo aliona kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiwadharau watu wakubwa kidogo mno.

Rosalba alimfuata mpaka getini. "Na ile ya kwanza, ndugu? Ulipiga mbili."

"Mama, ile imeharibika. Hakuna sura hata moja ya mtoto."

"Nipe tu."

Obonyo alikuwa nayo mkobani, akaitoa. Upande mmoja Kapteni ameketi, kila kifungo kinaonekana, na upande wa pili mistari mitatu myeupe ikikimbia hewani. Rosalba aliifuata mistari kwa kidole.

"Huyu Alal. Huyu Obwona, anakimbia hivi, bega moja juu. Na huyu mdogo wangu, anacheka."

Akaikunja picha katikati, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akaichana. Mistari mitatu akaificha kifuani, na kipande cha Kapteni akamrudishia Obonyo.

"Hii tupa," alisema. "Tupa mbali na nyumba."

Obonyo alimtupa Kapteni katika mtaro wa Kisenyi, kati ya maganda ya matoke, na sura yake yote ilionekana.