Betri Isiyoazimwa

Enzi zetu gari halikuwashwa, lilisukumwa. Nyie mliokulia kwetu Mocímboa da Praia, Msumbiji, miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini upande wa Palma mtanielewa, maana mabega yenu yanakumbuka. Najua kuna watakaosema mimi bado mdogo, sijafikia umri wa kusema "enzi zetu". Na waseme. Nimechoka kama mzee, basi niacheni nisimulie kama mzee.

Baba yangu alikuwa na pikapu ya kuletea ng'onda kutoka Quiterajo na Mucojo. Ilikuwa gari nzuri, ila betri yake ilikuwa imeshakata tamaa na dunia. Kila asubuhi watoto wa mtaa tulijipanga nyuma, madaftari kwapani, baba ameshika usukani anapiga kelele: "Sukumeni! Au mihogo ya jana mmekula bure?" Injini ikishika tunadandia nyuma mpaka kona ya shule, na huo ndio ulikuwa ujira wetu. Tukiingia darasani tunanuka samaki, mwalimu anafungua madirisha yote kabla hata ya kusema bom dia. Mtoto wa leo mwambie asukume gari uone. Atatoa simu, akupige picha wewe unavyohangaika, halafu akuulize kwa nini hununui gari jingine.

Si kwamba baba hakujaribu kuitibu ile betri. Mnakumbuka mawe ya redio tulivyokuwa tukiyaanika juani yakipoa, na kweli yanapata nguvu ya kumalizia kusikiliza mpira? Basi baba akaona lisiloshinda jiwe la redio halitaishinda betri ya gari, mama wa mawe yote. Akaianika juu ya kibanda cha kuku, jua la saa saba. Ilivimba ubavu, ikatoa harufu kama mayai viza, kuku wakahama. Mama alicheka mpaka akakaa chini na kinu chake cha karanga za kuungia matapa, kisamvu chetu.

Kisha habari ya gesi ikatapakaa. Hakuna aliyewahi kuiona, lakini kila mtu alikuwa na lake la kuifanyia. Gesi ikitoka nitaezeka bati. Gesi ikitoka nitaoa wa pili. Bei ya kuku ikapanda ikakaribia ya mbuzi, na nyumba za kupanga zikajaa wageni wenye mabuti. Sisi watoto tukaacha mdako na kombolela, tukacheza kampuni. Mmoja anavaa kipande cha dumu kichwani, ndiye bosi, wengine wote tunapanga foleni ya kuomba kazi. Anatukagua meno, anatukataa mmoja mmoja. Tulicheka sana. Hatukujua kwamba tunafanya mazoezi.

Kampuni moja ikatangaza kwamba inatafuta magari ya kukodi, ya kupeleka wafanyakazi Palma. Baba akaandikisha pikapu yake, akaambiwa mtu atakuja nyumbani kuikagua. Siku hiyo akaniita mbele ya mama. Akasema kazi hii ikipatikana, Muna atakwenda kusoma Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, atakaa kwa shangazi yake, asome mpaka mwisho. Muna ni mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilikuwa naitaka Pemba kuliko nilivyotaka kula. Mama akauza mbuzi wake ili inunuliwe betri mpya, na akaweka sharti moja tu: "Hii haiazimwi."

Sharti hilo mtu wa leo halielewi, ngoja nieleze. Kwetu betri haikuwa ya mtu, ilikuwa kama sufuria kubwa la shughuli. Palipo na msiba, betri inakwenda kuwasha taa. Palipo na maulidi, inakwenda kwenye spika. Ukiwa na betri nzuri mlangoni hapakauki watu, na kumnyima mtu ni aibu ya kukufuata hadi msikitini. Ile ya zamani haikufa kwa uzee, ilikufa kwa kuzungushwa.

Nilifuatana na baba dukani. Mwenye duka alitoa betri tatu, na baba akazichagua kama anachagua nazi, ananyanyua, anapima uzito, anasikilizia. Moja ilikuwa na karatasi ya kung'aa yenye picha ya simba, mimi nikaipenda hiyo. Mwenye duka akacheka, akasema simba hawashi gari. Akatuonyesha mwezi wa kutengenezwa uliogongwa ubavuni: betri iliyokaa dukani mwaka mzima imeshazeeka kabla hujailipia, hasa kwa joto letu. Akasema ikae sawasawa kwenye kikalio chake, ifungwe isicheze, kwa sababu barabara ya Mucojo inaua betri kwa kuitikisa. Ile nzito ndiyo ilikuwa na mwezi wa karibuni na ndiyo yenye garantia ndefu. Baba akaichukua. Tukiwa mlangoni yule bwana akamwita: "Lakini sikia, hii si ya muziki. Hii kazi yake ni kuipiga injini teke moja, basi, ipumzike. Ukiikesheza ngomani utaiua."

Gari likawaka kwa mguso mmoja. Asubuhi ya kwanza watoto tulisimama nyuma yake tumepigwa butwaa, hatuna la kusukuma. Baba akatuonea huruma, akatupakia hivyo hivyo.

Mkaguzi alikuwa aje Jumatatu. Jumapili alasiri akaja jirani yetu, Bi Atija. Alikuwa anaoza binti yake siku hiyo hiyo, wageni wameshafika, na betri ya mpiga muziki imezimika. Baba akamweleza taratibu kuhusu kesho. Bi Atija hakugombana. Alijifunga kapulana yake vizuri kiunoni, akasema, "Haya, shemeji. Mshakuwa watu wa gesi." Akaenda zake.

Ingekuwa heri angetukana. Baba hakuimaliza chai yake. Nilimwona anakwenda kwenye kisanduku cha spana, na mama naye akamwona.

"Baba Muna, hiyo ni shule ya mtoto."

"Najua."

"Unajua, halafu unaifungua?"

"Binti wa watu ataingiaje kwa mumewe kimya kimya kama mwizi? Mpya hii, mama Muna. Jioni moja haitaiua."

Betri ikaenda. Basi arusi ikanoga. Nami nilicheza, kwa nini nisicheze, mpaka kandambili ikakatika.

Asubuhi wanawe Bi Atija waliirudisha imefutwa vumbi, na juu yake wameweka sahani ya pilau. Baba akaifunga, akazungusha ufunguo. Tik. Akarudia. Tik. Mama alikuwa mlangoni, akaingia ndani. Ikabidi tusukume. Gari likawaka, baba akaliacha linanguruma uani ili mgeni alikute hivyo.

Mkaguzi alikuwa mtu wa kusini, mfupi, mpole. Akaangalia matairi, taa, breki, kila kitu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshaanza kuhesabu nguo nitakazobeba. Halafu akaingiza mkono dirishani, akazima injini, akasema kwa Kireno, "Washa tena."

Tik.

Yaliyofuata hayakupangwa na mtu. Majirani walikuwa wanachungulia juu ya makuti ya ua, na kabla hatujawaita wakaingia wote, Bi Atija mbele, wakalikamata gari, wakalisukuma huku wanaimba nyimbo za arusi ya jana. Waliona wanatusaidia. Lilipowaka wakapiga vigelegele, wakamtazama mkaguzi kwa fahari. Yeye akampa baba mkono, akasema gari ni zuri na watu ni wazuri zaidi, lakini kampuni haiwezi kukodi gari la kusukumwa. Akapanda gari lake jeupe, akaondoka.

Nilimkasirikia baba, sifichi. Nilinuna hadi mama akaniambia niache, maana naye alikuwa amenuna na nyumba haitoshi kwa wawili. Ile betri ikachajiwa, ikapona nusu, ikaendelea kuzunguka mtaa mzima kwa misiba na maulidi. Mwaka ule sikwenda Pemba, wala uliofuata.

Baadaye mambo ya kwetu yakaharibika, vita vikatukimbiza, mnayajua, sina nguvu ya kuyaeleza. Pemba nikaja kufika, na sikuja na begi la shule. Pikapu ilibaki kule. Bi Atija, wengine wananiambia yuko Nampula, wengine Mtwara.

Wiki hii nimenunua betri ya kigari changu cha kupelekea kapulana sokoni. Siku hizi hakuna kunyanyua wala kusikilizia. Kijana wa dukani aliipima kwa kimashine, akaniita Dona, kama mama mtu mzima, akasema, "Hii imezibwa, haitaki maji, haitaki kitu. Isahau kabisa." Hata hakuinua uso kwenye simu yake.

Baba ninaishi naye, macho yake yamefifia. Nilipomwambia nimepata betri ya kudumu akaomba aishike. Akaipapasa ubavu, akauliza, "Majirani wanajua kwamba tunayo?"

Nikamwambia hapana, baba. Hapa kila nyumba ina ukuta, hata majina yao siyajui.

Mikono yake bado ilikuwa juu ya betri.

"Basi itadumu," akasema.