Gazeti Lililokaushwa Kwenye Vichanja vya Kahawa

Enzi zetu gazeti la mtaa lilinuka kahawa. Wenzangu mliokulia milima ya Matiri mtanielewa. Wengine nivumilieni, maana leo nimechoka na sina nguvu ya kupamba maneno.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila mwisho wa mwezi alitoa karatasi moja ya habari za kilima chetu: nani kajifungua, mbuzi wa nani kapotea, lori la dagaa wa ziwani litapita lini, zamu ya kufagia kanisa ni ya nani. Aliichapa kwa taipureta, akaidurufu kwa mashine ya shule, ile ya kuzungusha kwa mkono, mpaka bega likamuuma. Sisi watoto tulibeba nakala nyumbani zingali mbichi. Na baridi ile ya Juni, ukungu umelala mpaka saa nne, wino ukauke wapi? Tulizianika kwenye vichanja vya Bibi mzaa baba, juu ya mikeka, pembeni ya kahawa, tukaziwekea vijiwe. Tukiingia ndani tunapewa viazi vya moto na chai ya rangi, vidole vyeusi hadi kwenye kucha, Mama analalamika kwamba tunakula wino.

Mchana kazi ilianza. Wazee wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mtoto alipewa nyumba zake za kwenda kuwasomea. Ukifika hukurupuki na habari. Unatoa shikamoo, unakaa, unaulizwa hali ya mama na ya mbuzi, unakula ulichopewa, ndipo unasoma. Nyumba yangu ya mwisho ilikuwa ya Bibi Kunigunda, mjane aliyeishi peke yake huko juu. Alitaka nimrudie kila habari, hata ile ya zamu ya kufagia. Nilikuwa nachukia, maana wenzangu walishaanza kucheza rede.

Mwaka mmoja ikashuka mvua isiyo ya msimu. Watu wakakimbilia kahawa, wakakunja mikeka haraka haraka, na karatasi mbichi zikakunjwa humo humo. Ilipofunguliwa asubuhi, kahawa ilikuwa na madoa meusi. Bibi yangu hakufoka.

"Mwanangu," akamwambia Baba, "kahawa inawavisha hawa watoto. Gazeti lako linawavisha nini?"

Mwezi uliofuata Baba hakutoa gazeti, na mashine ya shule ikafunikwa gunia.

Basi, jioni ya sengu, pale familia zote za ukoo zinapokusanyika kula pamoja na kuzungumza mambo yao, Bibi Kunigunda akateremka na fimbo yake. Tulidhani amekuja kula. Akakaa, akakataa ugali, akauliza, "Gazeti limekufa?" Wakamweleza mkasa wa kahawa.

"Poleni," akasema. "Lakini siku ya gazeti ndiyo siku pekee mtu anapiga hodi kwangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sasa nipone na nani?"

Bibi yangu alitafuna tonge lake mpaka likaisha. Kisha akasema kichanja cha mwisho, kile cha karibu na zizi, kiwe cha karatasi, na kahawa isikanyage hapo. Gazeti likarudi.

Sasa zamu ni yangu. Nimestaafu, naishi hapa Mbinga mjini, na jarida la mtaa naliandaa mimi. Halitaki wino wala jua. Naandika kwenye simu, macho yananiuma, natuma kwenye grupu. Vijana wetu hodari wananijibu kwa kidole gumba kabla sijavua hata miwani. Wamesoma saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Nikiomba mmoja apite kwa wazee wasio na simu, naambiwa, "Bibi, si uwatumie sauti?" Hawana simu, niwatumie sauti. Haya.

Mwezi uliopita nilichoka kweli, sikutoa kitu. Nilifagia uani, nikachemsha chai ya kutosha watu, nikakaa barazani nione nani atapita kuuliza kulikoni. Jioni niliinywa mwenyewe, imeshapoa. Leo ni mwisho wa mwezi mwingine, na bado hakuna aliyeuliza.