Keziah, Dijei wa Bi Mwanamize

Uongo wa Keziah ulikuwa wa neno moja tu, naam, na aliusema Riyadh akiwa ameshika ndoo ya kudeki.

Bosi wake, Baba Mbarouk, alikuwa amesimama mlangoni akimwuliza, kwa Kiswahili chake cha Unguja kilichojaa Kiarabu, kama anajua kusoma maandishi ya Kiarabu. Keziah hakujua hata herufi moja. Lakini ejenti wa Nairobi aliwafunza wasichana wote somo moja kabla ya kupanda ndege: ukiulizwa kama unajua kitu, sema ndiyo, mbele utajisaidia. Kupika kabsa, ule wali wa Kiarabu? Ndiyo. Kunyoosha kanzu mpaka kola isimame? Ndiyo. Kuogelea, na yeye ametoka Tseikuru, mahali ambapo mto wenyewe ni mchanga mtupu? Ndiyo pia. Basi akasema naam, akarudi kudeki.

Kumbe swali lilikuwa na uzito. Mamake Baba Mbarouk, Bi Mwanamize, alikuwa anaishi Jeddah peke yake, kwenye gorofa ya zamani mtaa wa Sharafiya, na macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho yote mawili. Starehe yake mama huyo ilikuwa sinema. Sasa picha aliziona kama kupitia maziwa, na yale maandishi ya chini hakuyaona kabisa. Mwenye kusoma Kiarabu na kumweleza kwa Kiswahili angekuwa amemfungulia dunia. Wiki hiyohiyo Keziah akapandishwa ndege.

Hakulia kuondoka Riyadh. Madam Rania, mke wa Baba Mbarouk, hakuwa mtu mbaya. Shida ilikuwa ngazi. Nyumba ya orofa tatu, watoto watano, na kila aliyetaka glasi ya maji alikuwa juu wakati Keziah yuko chini. Miguu ilivimba mpaka viatu vya wazi vikamkataa. Jeddah alikuta vyumba vitatu, mzee mmoja, dirisha lake mwenyewe, na Kiswahili asubuhi mpaka jioni. Chini ya jengo kulikuwa na duka la simu, na jirani yake duka linalouza unga wa sima na majani ya chai ya kwao. Siku ya kwanza Bi Mwanamize alimwuliza amekula nini. Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. Keziah alijibu kwamba ameshiba, akaenda jikoni, akashika sinki kwa mikono miwili mpaka pumzi ikakaa sawa.

Baada ya alasiri tivi ikawashwa, na uongo ukaja kudai haki yake.

Mjukuu wa Bi Mwanamize, Hala, alikuwa anasoma Kichina huko shuleni Riyadh, na likizo iliyopita alimwekea bibi yake orodha ya filamu za Kichina kwenye tivi, akaisahau hapo. Ya kwanza ikafunguka: mlima, ukungu, na maandishi ya Kiarabu yakipita chini kwa mwendo wa siafu.

"Haya mwanangu, nisomee," Bi Mwanamize akasema, akajilaza kwenye takia.

Keziah aliangalia yale maandishi. Yakapita. Mengine yakaja, nayo yakapita. Hapo ndipo akakumbuka banda la video la soko la Tseikuru, Jumamosi, ambapo kijana mmoja mwenye maikrofoni, waliyemwita dijei, alikuwa akiwatafsiria watu filamu za kupigana kutoka China, hajui Kichina hata salamu, na watu wanalipa na kurudi. Dijei haangalii maneno, anaangalia sura. Keziah akakohoa, akaanza.

"Bibi, huyu unayemsikia hapa ni mwalimu. Anaitwa Mwalimu Elijah. Anaamka mapema kuliko jogoo kwa sababu shule ina mwalimu mmoja, na huyo mmoja ndiye yeye."

Na bahati ikamshika mkono. Kwenye kioo watoto walitokea wakiwa wamebeba vidumu vya maji, wakaingia darasani na kunyunyizia sakafu ya udongo ili vumbi lilale. Keziah alisimama wima. Hiyo kazi aliijua. Yeye mwenyewe alikuwa amesimamia watoto wakinyunyiza maji hivyo kila asubuhi kwa miaka sita, kila mtoto na kidumu chake cha lita tano, nusu ya kupikia pure ya mahindi na maharagwe, nusu ya sakafu, la sivyo funza wanawamaliza vidole. Kwa kuwa kabla ya kuwa shaghala, mtumishi wa nyumbani, huko Riyadh, Keziah alikuwa mwalimu. Alimaliza kidato cha nne, pesa za chuo zikakosekana, wazazi wa kijiji wakamwajiri wao wenyewe afundishe darasa la tatu. Mwezi mwingine walimlipa shilingi, mwezi mwingine ndengu.

Kuanzia hapo hakuhitaji maandishi. Watoto wa Kichina akawapa majina. Mrefu ni Wesley, mkorofi, babake anachoma makaa. Yule mwenye mikia miwili ni Fridah, akili nyingi lakini kila Jumatatu hayupo, analinda mbuzi. Akaeleza mvua ikinyesha juu ya mabati mpaka mwalimu anafundisha kwa ishara. Akaeleza mtihani wa karatasi moja watoto wawili.

"Wachina nao wana kina Wesley?" Bi Mwanamize akauliza.

"Siku hizi majina yamechanganyika, Bibi."

"Hm," akasema Bi Mwanamize. "Endelea."

Ikawa ndiyo kazi. Walimaliza orodha ya Hala na kuirudia, na Keziah akawa na maoni yake, maana macho ya mwalimu hayadanganywi kirahisi. Alimwambia Bi Mwanamize wazi kwamba hawa watengeneza filamu wanapenda sana shule ya kijijini iwe juu ya mlima, iwe na ukungu, na mwalimu lazima aanze kukohoa filamu ikifika nusu. Watoto wasafi mno. Maskini lakini hakuna hata mmoja anayetoka kamasi. Na kengele ikilia wanakimbia wote kuingia darasani, jambo ambalo Keziah hajawahi kuliona kwa miaka sita. Bi Mwanamize alicheka mpaka akaomba maji. Lakini filamu aliyoitaka tena na tena ilikuwa ile ya kwanza, ya maji na sakafu.

Tatizo ni kwamba Keziah hakuwahi kuimaliza. Kila walipofika mahali ambapo gari linapanda mlima na kushuka bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi, alianza kutafuta rimoti. Alimweleza Bi Mwanamize kwamba huyu ni mkubwa wa elimu, amekuja kusema serikali imeleta mwalimu mwenye cheti, Mwalimu Elijah ashukuriwe aende nyumbani. Na kweli kwenye kioo yule mwalimu alikuwa analia. Hapo Keziah alikuwa anasema halas, basi, chai inachemka, na tivi inazimwa. Bi Mwanamize hakubisha hata siku moja.

Miezi minane ikapita hivyo, na miguu ya Keziah ikarudi kuwa miguu.

Kisha Baba Mbarouk akaja kutoka Riyadh na habari njema. Daktari amepatikana, mama atafanyiwa upasuaji, jicho moja kwanza na wiki mbili baadaye la pili. Akaongeza, kama mtu anayepanga samani, kwamba mama akishaona, Keziah ataweza kurudi Riyadh, madam amechoka na kazi za nyumba.

Keziah alisema naam, baba. Hesabu yake ilikuwa rahisi: macho yakifunguka, Bi Mwanamize atasoma mwenyewe, atajua ameongopewa miezi minane, na Keziah atarudishwa kwenye ngazi akiwa na jina la mwongo juu. Alipoomba Mungu siku ya upasuaji, maneno ya kwanza yaliyomtoka hayakuwa mazuri. Aliomba jicho likatae kidogo. Akaona haya, akaanza ombi upya.

Baada ya hapo ikawa dawa ya matone, mara nne kwa siku. Ni Keziah aliyeishika ile chupa. Angeweza kuruka tone moja, nani angejua? Hakuruka. Kila mara alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko kama alivyoambiwa, akavuta kope ya chini, akadondosha, akahesabu. Kila tone lilikuwa linamsogeza Riyadh, na alilidondosha.

"Mkono wako mwepesi," Bi Mwanamize alimwambia siku moja, macho yamefumbwa. "Mungu akuwekee mkono huo."

Wiki tatu baada ya jicho la pili, Bi Mwanamize alivaa miwani mipya, akakaa kitako katikati ya takia, akasema anataka ile filamu ya maji. Keziah akawasha. Akasimama nyuma yake na sinia ya kahawa, akingoja.

Bi Mwanamize alisoma kimya. Watoto wakanyunyiza maji, mvua ikanyesha, gari likapanda mlima. Bwana wa mkoba akashuka, mwalimu akalia. Bi Mwanamize akabonyeza rimoti, picha ikaganda.

"Huyu bwana ulinambia nani vile?"

"Mkubwa wa elimu, Bibi."

"Hapa pameandikwa daktari wa ng'ombe."

Keziah akaweka sinia chini.

"Na mwalimu analia kwa kuwa ng'ombe wa skuli amekufa," Bi Mwanamize akaendelea, hana haraka. "Hafukuzwi na mtu. Wesley wako anaitwa jina refu kama treni, na babake hachomi makaa, ana duka. Kaa kitako, Keziah."

Keziah akakaa juu ya zulia. Akasema yote. Hajui Kiarabu, hakuwahi kujua, alisema naam kwa sababu ndivyo walivyofunzwa, na baadaye akaogopa. Akaomba msamaha, na akasema kama ni kurudi Riyadh yuko tayari, begi lake ni dogo.

"Mimi Wachina nawajua, wamejaa huko sokoni," Bi Mwanamize akasema. "Kina Wesley ndio waliokusaliti, tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nasubiri tu nione utafika wapi. Sasa n'ambie. Ile skuli nyengine ni ya nani?"

"Yangu, Bibi."

"Na aliyeambiwa aende zake?"

Keziah akasema ni yeye. Akaeleza, mara hii bila sauti ya dijei. Gari lilikuja katikati ya somo la hesabu. Mwalimu mpya alikuwa dada mpole, hana kosa, ana cheti. Keziah alimpa rejista, akapitia nyuma ya choo cha wavulana asionekane, akaenda nyumbani. Hakuwaaga watoto. Walikuwa arubaini na mmoja. Huwa anawahesabu akiwa anaosha vyombo, anawapata wote kwa majina, lakini hajui walidhani nini walipomkosa kesho yake. Hilo ndilo lililokuwa likimzimisha tivi.

Bi Mwanamize alivua miwani. Kisha akasema kwamba yeye aliondoka Unguja mwaka sitini na nne, mwaka wa mapinduzi, yuko darasa la tatu, daftari lake limebaki ndani ya dawati, na mwalimu wake hakumuaga, yeye ndiye aliyekimbizwa. Miaka sitini na kitu hajarudi darasani mpaka alipokuja Keziah. Huku Arabuni alifunzwa Kurani na Kiarabu cha kujisomea, alishukuru Mungu, lakini skuli yenye makelele, yenye mtoto mkorofi na mvua juu ya mabati, hiyo aliipata tena kwenye takia hili akiwa hana macho.

"Kwa hiyo mimi nakuaga wewe kwa niaba ya wale arubaini na mmoja," akasema. "Ahsante, mwalimu."

Neno hilo Keziah hakuwa ameitwa tangu Tseikuru. Akachukua sinia akaenda kupasha kahawa ambayo ilikuwa bado moto.

Alipokuwa jikoni simu ilipigwa kutoka Riyadh. Alimsikia Bi Mwanamize akimwambia mwanawe kwamba macho, alhamdulillahi, yanaona mpaka bei za dukani. Hapana, Keziah haendi popote. Kazi? Anayo, anasoma. Madam Rania atafute mtu wa ngazi, na amtafutie mtu wa pili pia, nyumba ile kubwa kwa mtu mmoja ni dhuluma. Upande wa pili ulibishana kidogo. Bi Mwanamize akamkumbusha Baba Mbarouk ni nani aliyemzaa, na mazungumzo yakaisha.

Keziah akarudi na kahawa. Alisema asante, Bibi. Akaona haitoshi, akasema tena.

"Asante baadaye. Leta kile kijisanduku cha dawa ya macho, na kalamu."

Nyuma ya kijisanduku Bi Mwanamize akachora mstari mmoja uliosimama. Hiyo alifu, herufi ya kwanza. Kesho mbili, keshokutwa tatu, na hataki kusikia naam ya uongo. Asiyejua aseme hajui. Keziah, mwenye kufundisha darasa la tatu miaka sita, aliandika alifu yake ikaegemea kama mlingoti wa bendera uliogongwa na ng'ombe, akaambiwa arudie.

Filamu waliimaliza siku hiyo, Bi Mwanamize ndiye msomaji. Mwisho wake hauna ajabu. Mwalimu anaenda mjini, ananunua ng'ombe mwingine, anarudi. Watoto wanamsubiri barabarani na vidumu vyao. Anawaambia wakafunge madirisha, mvua inakuja. Basi. Keziah alisema hata yeye angeimaliza vizuri kuliko hapo, na Bi Mwanamize alikubaliana naye.

Ilichukua miezi miwili. Alasiri moja filamu nyingine ilikuwa inaenda, mlima uleule, ukungu uleule, Keziah akasimamisha kikombe hewani. Kulikuwa na neno pale chini. Mim. Dal. Ra. Alipofika herufi ya nne maandishi yalikuwa yamepita zamani, na watu kwenye kioo walikuwa wameshahamia sokoni.

"Skuli," akasema. "Bibi, pale paliandikwa skuli."

Bi Mwanamize akachukua rimoti, akarudisha nyuma, akaigandisha picha hapo hapo.

"Haya," akasema. "Maliza na yaliyobaki."