Nilivyokataa Kufa kwenye Foni

Asidi ya betri ina harufu inayoingia puani na kukaa humo. Ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba cha Papa Dieudonné, mtaani kwetu Bunia, huko Ituri, ambako miaka ile ya vita watu walikwenda kuzungumza na ndugu zao waliokwama mbali. Tulikiita foni kile chombo chake, redio ya kurusha na kupokea sauti, sanduku la kijivu alilolifufua mwenyewe kwa vipuri vya kuokota. Hakusomea kazi hiyo. Alipenda tu redio kama wengine wanavyopenda mpira. Waya wa antena ulifungwa kati ya mikaratusi miwili nyuma ya nyumba, na betri mbili za gari zilikaa chini ya meza. Watu walisubiri zamu kwenye mabenchi, na hapo ndipo palipokuwa na balaa: ukisema, waliokaa nyuma yako wanakusikia, na kila mwenye foni, kutoka Kasenyi ziwani hadi Epulu msituni, anakusikia pia. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye akiulizwa jina shuleni hutazama viatu vyake. Niliapa sitasema kwenye foni ile hata kwa fimbo.

Vita haikuniuliza. Mama alikuwa mchuuzi wa samaki, na aliteremka Kasenyi kununua mzigo siku mbili kabla ya mtaa wetu kushambuliwa. Nikabaki na mama mdogo Furaha, mdogo wake wa tumbo moja. Kule ziwani zikafika habari kwamba watoto wa mtaa wetu wameuawa, na mimi nimo. Lisemwalo lipo, wakasema. Mama mdogo akakimbilia kwenye foni kukanusha, na masikini, ndiye aliyeharibu kila kitu kwa kumwambia dada yake ukweli mtupu: "Yaya, mutoto iko muzima. Iko tu na mafua kidogo, analala."

Mafua kidogo! Jamani! Kwetu hatumtangazii mtu kifo akiwa mbali. Tunamwambia kwamba mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo umwone. Naye anaelewa, anafunga mzigo, analia njia nzima. Basi mama alisikia "mafua kidogo" akaelewa kama alivyolelewa kuelewa. Akaangua kilio palepale, na wanawake wa Kasenyi wakakaa naye chini kuomboleza. Alipoweza kusema tena, akasema atapanda Bunia kwa lori baada ya siku tatu, kwa njia ya Bogoro, aje aone kaburi langu. Njia ya Bogoro, wakati ule! Waliotoka huko walikuwa wakisimulia mambo ambayo mama mdogo alinitoa nje nisiyasikie, nami nikayasikilizia dirishani.

Kesho yake nikapelekwa kwa Papa Dieudonné, kamasi zikinitiririka. Akamwita mama, akamwambia mtoto wake yuko hapa, kisha akanielekeza: bonyeza kitufe cha mikro, kile kidude cha kusemea, sema, ukimaliza sema "à toi", yaani zamu yako, kisha achia ili mwenzako ajibu. Nilibonyeza. Chumba kizima kikanyamaza kwa ajili yangu. Sikusema neno hata moja, wala sikuachia kitufe. Nilikishikilia mpaka Papa Dieudonné akanibandua kidole kimoja kimoja. Sauti ya mama ikaja, nyembamba, katikati ya mikwaruzo: "Munanidanganya. Mumeweka pale mutoto ya nani? Ya kwangu iko mu udongo." Mtu mmoja benchini akacheka. Nilitoka mbio. Nilikichukia kicheko kile, niliuchukia ulimi wangu, na, nisiwafiche, nilimchukia hata mama kwa kukubali upesi namna ile kwamba nimekufa.

Hasira ile haikulala. Siku ya tatu, lori likiwa liondoke kesho yake, mama mdogo hakuwa na haja ya kunishika mkono. Niliwapita watu wote wa foleni bila hodi. "Usiogopake, mutoto," akasema Papa Dieudonné. Nikamjibu kwamba siogopi, na ulikuwa uongo. Magoti yalikuwa yakigongana. Alipompata mama kule Kasenyi, nikaichukua mikro.

"Mama, ni miye, Neema! Siyakufa! Unanililia ya nini? Niko na mafua, mafua ya kweli, sikia!" Nikapenga kamasi mbele ya mikro, Ituri nzima ikisikia. "À toi!" Nikaachia.

Mikwaruzo. Kisha: "Neema? Ni weye unapigia mama yako makelele mbele ya bantu? Nani alikufundisha adabu ya namna ile?" Aligomba huku akilia, akagomba tena. Maiti hagombezwi. Nikajua ameniamini.

Papa Dieudonné akanyoosha mkono achukue mikro yake. Alikuwa na sheria moja, ameiandika ukutani kwa chaki: hakuna kutaja askari wala barabara, maana wenye bunduki nao wanasikiliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikabonyeza tena. "Mama, usipande! Njia ya Bogoro ni mubaya, bantu banakufa kule! Ingia mu boti, uende Uganda!" Akaninyang'anya mikro, akang'oa waya wa betri, akapaza sauti kwamba nimemuua. Alilificha sanduku lake wiki nzima, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini guu langu lipo mpaka leo. Lori lile liliondoka bila mama, na halikufika Bunia. Yeye na wanawake waliokuwa wakiomboleza naye, kwenye msiba wangu mimi, walivuka ziwa kwa boti. Nilimwona tena baada ya zaidi ya mwaka, amekonda, akanigombeza tena kabla hajanikumbatia.

Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, na wengi wananong'ona. Vita haijaisha, watu wa Djugu bado wanakimbia na magodoro kichwani, na bado simu inalia mtu anaambiwa kaka yake "amezidiwa kidogo". Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini sisi tunaficha hata kifo chenyewe. Wakinipigia mimi, nauliza waziwazi: amekufa au hajafa? Wananiona sina adabu. Wala woga haujaniisha. Nikisimama kanisani kusoma matangazo, magoti hugongana vilevile. Nimeacha tu kuyaomba ruhusa. Mama anaishi nami sasa, masikio yake yamechoka, na kila jambo la nyumba hii, la ndoa, la tumbo, la kanisa, lazima nimwambie kwa kupiga kelele. Juzi jirani alikuja kunisihi kwa heshima nipunguze sauti, maana mambo yetu yote yanasikika mpaka barabarani. Nikamwambia yasikike.